Mambo ya Nyumbani: Joto la Vifaranga na Usalama wa Wanaolala Chumbani

Kuku wa nyama huchukua majuma sita hadi manane kufikia uzito wa kuuzwa. Kwa hiyo mama anayetaka kuuza kuku wake wakati wa Krismasi hana budi kununua vifaranga mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba; na hiyo, katika sehemu kubwa ya Uganda, ndiyo miezi ya mvua za pili za mwaka. Vifaranga wa siku moja basi huingia kambini wakati ambapo usiku una baridi, matandiko hayakauki upesi, na umeme hukatika bila kuaga. Wengi hufa kabla ya kumaliza juma la kwanza, na lawama humwangukia aliyewauza, ati ametoa vifaranga dhaifu. Huenda ikawa kweli mara moja moja. Lakini aghalabu kinachowaua ni joto: ama limekosekana, ama limezidi, ama limekuja pamoja na sumu.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nichague somo hili. Katika nyumba nyingi za askari jamaa nzima hulala chumba kimoja. Sanduku la vifaranga huwekwa miguuni pa kitanda, na kando yake huwekwa sigiri yenye makaa. Kwa sababu hiyo hatuwezi kuzungumza juu ya joto la vifaranga bila kuzungumza pia juu ya pumzi ya watoto walalao hapo.

Kwanza tufahamu kwa nini kifaranga ahitaji kupashwa joto. Aliyeanguliwa leo amevikwa malaika tu, siyo manyoya ya kweli yawezayo kuzuia baridi, na mwili wake bado hauna nguvu ya kujitengenezea joto la kutosha. Kuku mzima ana joto la sentigredi 41 hivi mwilini. Kifaranga wa siku moja yu chini kidogo ya hapo, na akiachwa penye baridi hushuka haraka. Inampasa angoje karibu majuma mawili kabla mwili wake haujaanza kujitawala vizuri, na majuma mengine mawili matatu hata amalize kuota manyoya. Kwa muda huo yeye ni kama nyoka au mjusi: joto lake hulitafuta nje ya mwili wake.

Mfano huu wa nyoka sikuutaja kwa mzaha. Huko Ulaya na Marekani wako watu wafugao chatu majumbani mwao, ndani ya vizimba vya kioo, na wamejifunza kwamba nyoka hafi kwa baridi tu. Wengi huunguzwa na vyombo vile vile walivyowekewa kuwapasha joto. Hivyo kizimba hutiwa joto upande mmoja na kuachwa na ubaridi upande wa pili, mnyama ajichagulie mwenyewe pa kukaa. Taa huwekewa wavu ili asiiguse, na umeme hupitishwa katika kidhibiti kinachoukata joto likizidi. Mimi simshauri mtu yeyote kambini afuge chatu, na nadhani msimamizi wa kambi atakubaliana nami. Lakini kanuni yenyewe ni ile ile tunayoihitaji: mnyama apewe mahali pa joto na mahali pa kulikimbia, na kile kitoacho joto kisiweze kumdhuru yeye wala mwenye nyumba.

Sasa tuone kizimba cha kulelea, ambacho wafugaji wengi hukiita bruda. Kiwe cha duara. Vifaranga wakiona baridi au wakishtuka hukimbilia pembeni, hupandana, na wale walio chini hukosa hewa. Duara halina pembe ya kupandania. Kwa vifaranga 50, duara lenye upana wa mita moja na nusu latosha juma la kwanza, na ukuta wake utahitaji mkeka au maboksi yaliyounganishwa yenye urefu wa mita tano hivi na kimo cha sentimita 45. Kila baada ya siku tatu nne lipanueni. Chini tandikeni maranda ya mbao au maganda ya kahawa, ambayo hapa kwetu hupatikana kwa wingi, yafikie unene wa sentimita tano au zaidi. Wako wanaotandika magazeti matupu. Gazeti hili ni lenu na mwaweza kulifanyia mtakalo baada ya kulisoma, ila karatasi laini huteleza, na kifaranga atelezaye siku zake za kwanza hupanuka miguu asiweze kusimama tena.

Joto liwe katikati au upande mmoja wa duara, maji na chakula viwe karibu na joto lakini si chini yake kabisa, na ukingo wa mbali uachwe na ubaridi. Katika chombo cha maji tieni kokoto safi, kifaranga asije akazama humo. Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni kuwasha joto mapema. Bruda ianze kupashwa moto angalau nusu siku kabla vifaranga hawajafika, ili matandiko yenyewe yawe ya vuguvugu, kwa maana kifaranga hupoteza joto kwa nyayo zake. Mara wafikapo, joto na maji ndivyo vya kwanza. Chakula chaweza kungoja kidogo, kwa sababu kifaranga huanguliwa akiwa na kiini cha yai tumboni kinachomlisha siku mbili tatu. Ndiyo sababu aweza kusafirishwa kwa basi kutoka Kampala hadi mbali akiwa katika boksi.

Tukija kwenye vipimo, juma la kwanza chini ya taa pawe na sentigredi 32 hadi 35. Kila juma punguzeni nyuzi tatu hivi: juma la pili 30, la tatu 27, la nne 24, na kufika juma la tano au la sita vifaranga waweze kukaa katika 21 bila taabu. Kipimajoto kiwekwe kimo cha mgongo wa kifaranga, yaani sentimita tano hivi juu ya matandiko, wala si ukutani penye macho ya mtu mzima. Hewa ya kimo cha kichwa chako na hewa ya sakafuni si moja. Na tafadhali msitumie kile kipimajoto cha mgonjwa cha kutia kwapani. Kile cha kioo kimetengenezwa kikumbuke joto la juu kabisa lililopita, hakishuki mpaka kikung'utwe. Kitawaambia 38 wakati vifaranga wanakufa kwa baridi.

Lakini je, asiye na kipimajoto afanyeje? Hapo ndipo tunapohitaji macho na masikio. Wamisri waliangua mayai katika matanuri tangu zamani sana. Aristotle, mwanachuoni wa Kiyunani aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya kuzaliwa Kristo, aliandika kwamba huko Misri mayai yalifukiwa katika samadi yakaanguliwa. Mafundi wa matanuri hayo walipima joto la yai kwa kuligusisha kwenye kope la jicho, palipo na ngozi nyembamba kabisa, na ujuzi huo umeonekana huko hata katika karne hii. Wao walipima yai, ambalo haliwezi kusema. Sisi tunalea vifaranga, nao husema mchana na usiku.

Vifaranga waliorundikana chini ya taa, wakilia kwa sauti kali na ya juu, wanaona baridi. Waliokimbia mpaka ukingoni, mbawa wamezilegeza, midomo wazi, wakihema, wameunguzwa. Hao nao hunyamaza, na ukimya huo humdanganya mama akadhani wametulia. Wakijikusanya wote upande mmoja, na taa iko katikati, jua kwamba upepo unaingia kwa upande wa pili. Tafuteni ufa mwuzibe. Walio sawa utawaona wametapakaa duarani kote kama punje zilizomwagwa, wengine wanakula, wengine wamelala ubavu mguu mmoja umenyooshwa nyuma, na sauti yao ni ya chini chini, ya kunong'ona. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu aingiapo darasani atazame kwanza jinsi watoto walivyokaa kabla hajafungua daftari. Kwa vifaranga ni vivyo hivyo: tazameni walivyokaa, kisha ndipo mtazame kipimajoto. Viwili hivyo vikipingana, waaminini vifaranga.

Sasa tufike kwenye sigiri.

Watu wengi huamini kwamba hatari ya mkaa ni moshi. Kwa hiyo huwasha sigiri nje, hungoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha huiingiza ndani wakiwa na amani ya moyo. Wengine huyatia makaa hayo katika chungu chenye matundu, wakayafunika majivu ili yakae mpaka asubuhi. Yapasa tuseme wazi: makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yatoayo sumu yenyewe, na kuyafunika kwa majivu hakuiondoi, kwa kuwa makaa yanayopata hewa kidogo huzidi kuitoa. Sumu hiyo ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Huingia mwilini kwa pumzi na kushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayopita ile ya hewa safi zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kuchukua hewa ambayo ubongo na moyo vinaihitaji.

Aliye macho ataona kichwa kinamgonga, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu. Mara nyingi hudhani ni malaria au chakula kibaya, na kwa kuwa anajisikia mchovu hujilaza, jambo ambalo ni la hatari kuliko yote. Aliye usingizini hasikii dalili yoyote. Aweza kutoka katika usingizi akaingia katika mauti bila kugeuka ubavu. Watoto wadogo huathirika upesi, na mama mjamzito aweza kupona ilhali mtoto aliye tumboni amedhurika. Vifaranga nao hufa kwa gesi hiyo hiyo, kwa hiyo mtu aweza kuamka na kukuta boksi zima limenyamaza, akadhani ni ugonjwa.

Nimewahi kuambiwa na mama mmoja, ambaye mumewe hulinda usiku, kwamba yeye huacha dirisha wazi kidogo na kwa hiyo haogopi. Nilimjibu kwamba ufa wa dirisha hauna kipimo. Upepo ukigeuka, au mvua ikamlazimisha kulifunga saa nane za usiku, ulinzi wake umekwisha. Hakuna kiasi cha makaa kinachofaa katika chumba wanamolala watu. Hali kadhalika jiko la mafuta ya taa, na jenereta. Hiyo ya mwisho isiwekwe ndani wala barazani chini ya dirisha.

Ikitokea kwamba mtu amekutwa amezimia au amelegea katika chumba chenye makaa, fungueni mlango na madirisha, mtoeni nje penye hewa mara moja, wala anayeokoa asikawie mle ndani. Kisha apelekwe hospitali au kituo cha afya hata kama anasema amepata nafuu, na waelezeni wahudumu kwamba kulikuwa na sigiri chumbani, maana wasipoambiwa nao waweza kuanza na malaria.

Kuna mtu atakayesema: mimi sina umeme, nami nina banda nje. Huyo aweza kutumia chungu cha makaa, mradi banda lisiungane na chumba cha kulala na liwe na nafasi ya kupitisha hewa juu, karibu na paa. Chungu kikae juu ya matofali, kizungushiwe wavu wa chuma ili kifaranga asikiguse wala maranda yasikifikie. Anayeingia kuangalia asikae humo kupiga soga. Katika nyumba za nyasi, zile tulizozipa jina la "mama ingia pole", makaa yasiingie kabisa kwa sababu ya vifaranga. Cheche moja yatosha. Na katika nyumba za kambi zilizopangwa mstari mmoja, moto wa mmoja ni moto wa jirani zake wote.

Mwenye umeme yuko katika hali njema zaidi, ila umeme nao una adabu zake. Taa za siku hizi za kuokoa umeme, zile za LED, hutoa mwanga mwingi na joto dogo mno. Nimeona watu wakizitundika juu ya vifaranga na kushangaa kwa nini wanazidi kurundikana. Inayofaa ni taa ya kupasha joto, ile nyekundu yenye wati 250, ambayo yatosha vifaranga 50 na zaidi. Itundikwe kwa mnyororo au waya wa chuma uliofungwa imara kwenye boriti, kamwe isining'inizwe kwa waya wake wa umeme. Ianze sentimita 45 hadi 50 juu ya matandiko, na kila juma ipandishwe kidogo kwa kadiri vifaranga watakavyowaonyesha. Kishikio chake kiwe cha kauri. Cha plastiki huyeyuka. Iwe na kikapu cha wavu, ili hata ikianguka kioo kisiguse maranda. Mafundo mawili ya kuzuia yasianguke si mengi, kwa sababu moto mwingi wa mabanda ya kuku huanzia hapo hapo: taa imeanguka, maranda makavu yako chini, watu wamelala.

Waya wa kuiletea umeme usipite chini ya mkeka wala usichomekwe katika soketi moja na pasi na jiko la umeme. Ukiushika baada ya saa moja nao una joto mkononi, waya huo ni mwembamba mno. Zimeni taa, mwite fundi. Kwa upande wa gharama, hesabu ni nyepesi: wati 250 kwa saa 24 ni yuniti sita kwa siku. Kwa majuma matatu ni yuniti 126. Atakayezima taa mchana wa jua na kuiwasha usiku tu ataokoa karibu nusu ya hizo, nao vifaranga watamshukuru.

Hata hivyo mimi napenda zaidi njia ambayo haitumii moto mkubwa bali huhifadhi joto dogo. Chukueni jerikeni ya lita tano, mtie maji ya moto ambayo yamepoa kidogo baada ya kuchemka (yanayotokota huilegeza plastiki), mfunge kizibo barabara, muizungushie gunia au blanketi kuukuu, na muilaze katikati ya duara. Vifaranga hujipanga kuizunguka kama watoto wanaoota moto. Hukaa na joto kwa saa nne hivi, kisha maji hubadilishwa. Ni kazi, sikatai, lakini haiwezi kuchoma nyumba wala kutoa gesi, na umeme ukikatika ndiyo itakayowaokoa. Anayetegemea taa na awe na jerikeni mbili tayari na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto kabla ya kulala.

Nchini Ethiopia wafugaji wadogo wamefundishwa kutumia sanduku la nyasi. Ni sanduku lenye kuta mbili, na katikati ya kuta hizo hushindiliwa nyasi kavu. Vifaranga hulala ndani, na joto la miili yao wenyewe likizuiwa lisitoke huwatosha kwa kiasi kikubwa bila taa wala makaa. Mchana hutoka kula katika uga mdogo uliounganishwa nalo. Kila fundi seremala wa kambini aweza kulitengeneza. Lazima liwe na matundu ya kupumulia na lisijazwe kupita kiasi. Na katika majuma ya kwanza, hasa penye baridi kali, jerikeni ya maji ya moto iwemo.

Na tusimsahau aliyeijua kazi hii kabla yetu sote. Kuku wa kienyeji aliyekwisha kuatamia aweza kupokea vifaranga wa kununua, kama ni wa siku moja au mbili na mkimwekea usiku gizani, mmoja mmoja, chini ya mbawa. Alfajiri atawakuta na kuwahesabu kuwa wake. Mmoja huwafunika kumi au kumi na wawili vizuri. Joto lake halipungui wala halizidi, halihitaji yuniti, na kifaranga aonaye joto hutoa kichwa nje akapunga hewa. Kwa jamaa inayotaka kuku ishirini tu wa kula na kuuza wachache, kuku wawili wa namna hiyo ni bora kuliko taa yoyote nitakayoisifu hapa. Wenye vifaranga 100 hawana budi kutafuta njia nyingine.

Askari huhamishwa, na wale waliolea kuku vizuri Gulu hushangaa wakishindwa Kabale. Sababu ni kwamba Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya bahari na usiku wake una baridi kali, wakati mchana wa kaskazini waweza kupita nyuzi 30 bila taa yoyote. Anayehamia milimani na aongeze juma moja au mawili ya kupasha joto. Anayehamia kaskazini au Karamoja na azime taa tangu saa nne asubuhi mpaka jua litue, tena awaangalie zaidi saa nane mchana kuliko usiku. Hili lawahusu hasa wanaoishi katika zile nyumba za duara za mabati, yuniporti. Mabati hupokea jua lote mchana na kulitoa lote usiku. Mchana ni tanuri, alfajiri ni barafu. Humo boksi la vifaranga lisikae kando ya ukuta, na saa za adhuhuri litolewe nje chini ya mti, likiwa limefunikwa wavu kwa sababu ya mwewe.

Neno fupi juu ya hewa. Wengi, kwa kuogopa baridi, huziba kila tundu. Matandiko yaliyolowa katika bruda iliyozibwa hutoa harufu kali ya mkojo inayochoma macho na kudhoofisha mapafu ya vifaranga, na unyevu huo ndio unaozaa ugonjwa wa kuhara damu. Inameni mpaka kimo chao mvute pumzi. Ikiwa macho yenu yanawasha, wao wanateseka zaidi. Ondoeni maranda yaliyolowa kila siku. Kinachotakiwa kuzibwa ni upepo wa chini, unaopita juu ya migongo yao; hewa ya juu iachwe ipite. Mambo ya chanjo ya mdondo na nyinginezo muulizeni afisa mifugo wa wilaya mapema, kabla ya kununua, ili siku ya chanjo isiwapite.

Saa za hatari zaidi ni zile za kuelekea alfajiri, ambapo baridi hufikia kilele na usingizi wa mwenye nyumba pia. Nyumba ya askari inajua zamu ni nini. Katika juma la kwanza wekeni zamu tatu: saa nne usiku kabla ya kulala, saa nane usiku, na saa kumi na moja alfajiri. Afande aliye nyumbani ashike ya saa nane, kwa kuwa ameizoea. Hakuna haja ya kuwasha taa zote na kuwashtua. Simama kizani dakika moja usikilize. Ukisikia mnong'ono, rudi kitandani. Ukisikia kelele kali, teremsha taa kidogo au badilisha maji ya jerikeni. Usiposikia lolote, inama uwaguse: walio hai na wenye joto jingi watakuwa ukingoni. Kuanzia juma la pili zamu mbili zatosha, na la tatu moja.

Kuacha kuwapasha joto nako kusiwe kwa ghafula. Juma la tatu au la nne zimeni mchana, mkiwasha usiku. Wakishaota manyoya mgongoni na kifuani, jaribuni usiku mmoja usio na mvua bila joto lolote, na asubuhi tazameni kama wamelala wametawanyika au wamerundikana. Kama wamerundikana, warudishieni siku tatu nne kisha mjaribu tena. Wakiwa wametawanyika, shusheni taa, ifuteni vumbi, ifungeni katika karatasi na kuiweka juu mbali na watoto; na ule mkeka wa duara uanikeni juani siku nzima kabla ya kuukunja.